Remmy Ongala na Swali la Asili ya Muziki Wetu

Siku moja ya mwezi wa Julai, wakati ambapo baridi ya Shume huwa kali na ukungu hukaa juu ya misonobari mpaka karibu na adhuhuri, tulialikwa na walimu wa shule moja ya sekondari kusikiliza mdahalo wa wanafunzi. Hoja iliyokuwa ikijadiliwa ilikuwa kwamba muziki wa dansi si sehemu ya utamaduni wa taifa letu. Wasemaji wa pande zote mbili walijitahidi, na sisi tuliokaa mbele kama wageni tulipiga makofi kwa usawa. Mwishoni binti mmoja wa kidato cha tatu alisimama, akatugeukia sisi badala ya kuwageukia wenzake, akauliza: “Mzee, marehemu Remmy Ongala alizaliwa Kongo, akapiga rumba iliyotoka Kuba, kwa gitaa lililotoka Ulaya. Hapo kilicho chetu ni kipi?”

Ukumbi ulicheka. Sisi tulijibu kwa haraka kwamba nyimbo zake ni za Kiswahili, kwa hiyo ni zetu, tukaketi. Njiani tukirudi nyumbani tuliona wazi kwamba jibu lile lilikuwa la mtu anayetaka kuondokewa na swali, wala si la mtu aliyelitafakari. Makala haya ni jaribio la kumjibu binti yule kwa namna inayostahili.

Swali lenyewe si geni. Mnamo Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolieleza Bunge sababu za kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliwasikitikia wasomi waliojua kucheza rumba na chachacha lakini hawakujua gombe sugu wala lelemama. Hapana shaka kwamba lawama ile ilikuwa ya haki. Ilielekezwa kwa watu waliofundishwa kuwa hawana chochote cha kwao. Walakini, katika miaka iliyofuata, baadhi yetu tuliigeuza lawama ile kuwa kipimo cha kila kitu, tukawa tunauliza kila wimbo cheti cha kuzaliwa. Maoni yetu katika makala haya ni kwamba kipimo hicho hakitoshi. Tunaamini kwamba wimbo huwa wa jamii fulani kwa kazi unayoifanya ndani ya jamii hiyo, na kwamba maisha na nyimbo za Remmy Ongala ni ushahidi mzuri wa jambo hilo, pamoja na kasoro zake.

SAFARI YA MTU

Remmy alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Kindu, mkoa wa Maniema, mashariki ya Kongo. Jina lake la nyumbani lilikuwa Ramazani Mtoro Ongala. Kwa masimulizi yake mwenyewe, mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake, na mganga akaagiza kwamba mtoto huyu akizaliwa asinyolewe nywele. Alizaliwa akiwa na meno, jambo lililowafanya watu wamtazame kama mtoto mwenye siri. Hata jina la “Daktari” aliloitwa mpaka kufa kwake lilihusishwa na kisa hicho. Vijana waliomwona baadaye na misokoto yake ya nywele walidhani ameiga Jamaika tu. Ukweli ni kwamba nywele zile zilianzia kwa mganga wa Maniema kabla ya kupata jina la Kirasta, na hapo tayari tunaona kwamba kilichodhaniwa kuwa cha kuigwa kilikuwa na mzizi wa nyumbani.

Alifiwa na wazazi wote wawili mapema. Mwaka 1964 Kongo ya mashariki ilitikiswa na uasi wa Simba, na kwa kijana yatima wa wakati ule hapakuwa na shule ya kutegemea. Muziki ukawa riziki yake. Alipiga katika bendi za Kongo na Uganda, na mwaka 1978 aliingia Dar es Salaam kujiunga na Orchestre Makassy, bendi iliyoongozwa na Mzee Makassy, ambaye alikuwa mjomba wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Makassy na bendi yake walihamia Nairobi. Remmy alibaki, akaingia katika bendi ya Matimila, iliyochukua jina la kijiji kilichoko mkoa wa Ruvuma, na ambayo baadaye aliiongoza kwa jina la Super Matimila.

Ni vizuri mwanafunzi aelewe hali ya bendi za wakati ule. Bendi nyingi kubwa zilikuwa na mlezi wa umma. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ilikuwa ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, na polisi na majeshi walikuwa na bendi zao. Wanamuziki wa bendi hizo walikuwa na mshahara, na pengine sare. Matimila ilianza kwa vyombo vya mfanyabiashara binafsi, na riziki yake ilitegemea kiingilio cha mlangoni. Bendi ya namna hiyo ilipaswa kujua kila juma ni nani aliyelipa, na kwa nini alikubali kutoa shilingi zake.

Mwaka 1988 Super Matimila ilialikwa Uingereza kushiriki katika matamasha ya WOMAD, na mwaka 1989 kampuni ya Real World ilitoa santuri yao iliyojulikana duniani kama nyimbo za mtu maskini. Santuri nyingine ilifuata mwaka 1992. Mwaka 2001 Remmy alipatwa na kiharusi. Katika miaka yake ya mwisho aliacha muziki wa dansi akaimba nyimbo za Injili, na tarehe 13 Desemba 2010 alifariki dunia jijini Dar es Salaam. Mtaa alioishi una kituo cha daladala kinachoitwa mpaka leo “Sinza kwa Remmy”. Hatujui kama yupo mshairi wa siku hizi aliyepewa heshima hiyo na makondakta.

SAFARI YA MAPIGO NA SAFARI YA LUGHA

Sasa tutazame kile alichokiazima. Muziki wa Remmy ulikuwa na umbo linalofahamika kwa mpenzi yeyote wa dansi la Tanzania. Sehemu ya kwanza ya wimbo huenda taratibu, na mwimbaji hutoa kisa chake, huku magitaa yakimfuata kwa adabu. Kisha mapigo hubadilika, gitaa la solo hupanda, waimbaji huitikiana, na watu huinuka vitini. Sehemu hiyo ya pili wapenzi wa dansi huiita chemko. Umbo hilo ni la rumba ya Kongo, ambayo mabingwa wake wakubwa, kama vile Franco na bendi yake ya OK Jazz, walisikika katika Afrika Mashariki yote.

Lakini hiyo rumba ya Kongo nayo ilitoka wapi? Kuanzia mwaka 1933 santuri za muziki wa Kuba, zilizokuwa na alama ya GV, zilianza kuuzwa katika bandari na miji ya Afrika. Wakongo walizisikiliza wakatambua ndani yake mapigo ya ngoma zao wenyewe, kwa kuwa muziki ule wa Kuba ulikuwa umejengwa, kwa sehemu kubwa, na vizazi vya watumwa waliochukuliwa kutoka pwani ya Kongo na Afrika Magharibi. Basi kile tunachokiita kuiga kilikuwa ni mali iliyoporwa ikirudi nyumbani baada ya karne nyingi, ikiwa imevaa nguo nyingine. Hapa kwetu Salum Abdallah wa Morogoro aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba bila kuona haya, akaimba kwa Kiswahili mpaka alipofariki mwaka 1965. Hakuna mtu wa Morogoro aliyemwita Mkuba.

Msomaji wa mkoa wetu wa Tanga hana haja hata ya kwenda Morogoro. Mjini Tanga kulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kutoka Jamhuri Jazz walitoka ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, waliopitia Arusha, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaingia Kenya wakaanzisha Simba Wanyika. Wakenya waliwapokea, wakazicheza nyimbo zao, na mpaka leo huzihesabu kuwa ni sehemu ya ujana wao. Ikiwa sisi tunajivuna kwamba vijana wa Tanga waliiimbisha Nairobi, basi haki inatudai tukubali kwamba kijana wa Kindu naye aliweza kuiimbisha Dar es Salaam.

Lugha nayo ina kisa cha namna hiyohiyo. Tulimwambia binti yule kwamba Kiswahili ni chetu. Ni kweli, lakini Kiswahili alichokulia Remmy hakukisoma Dar es Salaam. Kilikwenda Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pwani, katika siku za akina Tippu Tip, wakati Nyangwe na Kasongo zilipokuwa vituo vya biashara ya pembe na ya watu. Kwa hiyo lugha ile ilifika kwa njia ya machungu. Watu wa Maniema waliichukua wakaifanya yao, na baada ya karne moja mtoto wao aliturudishia, ikiwa na ladha ya huko. Aliyeuliza kwa nini Remmy alitamka baadhi ya maneno kama mgeni alikuwa akilisikia Kongo ndani ya sauti ile, lakini bila kujua alikuwa akiisikia na Zanzibar ya kale.

Remmy mwenyewe alilijua swali hili. Katika santuri ya mwaka 1989 umo wimbo alioupa jina la “Muziki Asili Yake Wapi”. Mtu anayeona haya kwa kuazima hawezi kuliweka swali hilo juu ya jalada la kazi yake.

Tena tusidhani kwamba kuazima ni tabia ya wanyonge peke yao. Mwaka 1967 ngoma za kifalme za Burundi zilirekodiwa na Wafaransa. Baada ya kishindo cha muziki wa panki cha mwaka 1976 na 1977, vijana wa Uingereza walikuwa wakitafuta njia mpya, na baadhi yao waliipata katika rekodi ile. Kundi la Adam and the Ants, lililovuma sana mwaka 1980, lilitumia wapiga ngoma wawili kwa kufuata mapigo ya Burundi. Katika tamasha la kwanza la WOMAD, mwaka 1982, wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaani pamoja na kundi la Echo and the Bunnymen. Hatujasikia Mwingereza akidai kwamba kwa sababu hiyo vijana wale si Waingereza. Jambo ambalo mhakiki anaweza kuwauliza ni kama waliwataja na kuwaheshimu wenye ngoma, na sharti hilo linamhusu kila anayeazima, awe wa London au wa Sinza.

MNYONGE KATIKA NYIMBO ZAKE

Ikiwa mapigo yalisafiri na lugha ilisafiri, basi kilichokuwa cha Remmy mwenyewe ni kipi? Kwa maoni yetu ni mtu aliyemchagua kuwa msikilizaji wake. Neno linalorudi katika kazi zake ni mnyonge. Limo katika majina ya nyimbo zake, kama vile “Sauti ya Mnyonge” na “Mnyonge Hana Haki”. Waimbaji wengi wa dansi wa kizazi chake waliimba mapenzi, maonyo ya dunia, na nyimbo za kuunga mkono juhudi za taifa, nao walifanya vyema. Remmy pia aliimba mapenzi. Lakini alipoimba juu ya umaskini hakusimama mahali pa mhubiri anayewaambia maskini wavumilie, wala mahali pa kiongozi anayewaambia wafanye kazi zaidi. Alisimama upande wao, akazungumza kama mtu aliyepanga chumba kimoja nao.

Mwalimu wa fasihi atatambua hapa jambo tunalolifundisha kila mwaka katika somo la ushairi, yaani nafsi ya msemaji. Mshairi anaweza kusema “wao maskini”, anaweza kusema “ninyi maskini”, na anaweza kusema “sisi”. Tofauti ya herufi chache hubadilisha wimbo wote. Remmy alisema “sisi”, na kwa kuwa maisha yake yalijulikana, alisadikiwa.

Vilevile alipenda kukitazama kifo. Wimbo wake “Kifo” ni miongoni mwa zilizokumbukwa sana. Mtu asiyemjua anaweza kushangaa kwamba watu walicheza kwa wimbo wa namna hiyo. Sisi tuliokulia milimani hatushangai. Katika matanga ya Usambaa huwapo kilio na huwapo ngano za kuchekesha, na usiku hupita. Mtu mwenye mali huweza kukisahau kifo kwa muda, lakini kwa mnyonge kifo ni jirani anayepita kila siku, na jirani hapewi kisogo.

WIMBO WA SOKSI

Tumefika mahali ambapo hatuna budi kusema habari zetu wenyewe, nasi tungependa tusiwe tumefika.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa ulikuwa umeenea katika njia zote za malori. Wakati huo Remmy alitoa wimbo wake “Mambo kwa Soksi”, akiwahimiza watu watumie mipira ya kinga, ambayo aliiita soksi. Redio ya taifa haikuupiga. Wimbo ulienea kwa kanda, kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kutoka baa moja hadi nyingine.

Sisi wakati huo tulikuwa karani chipukizi katika ofisi moja ambayo hatutaitaja. Tulipewa orodha ya nyimbo zitakazopigwa kwa kipaza sauti katika sherehe moja ya hadhara, ili tuhakikishe kwamba zina maadili. Tulipoufikia wimbo ule tuliukata kwa kalamu nyekundu. Hakuna mkubwa aliyetuamuru. Tuliukata kwa kuwa tuliona haya, kisha tukaiita haya yetu utamaduni wa taifa.

Miaka minne baadaye tulimzika kijana wa ukoo wetu, aliyekuwa utingo katika malori yanayopeleka kabichi na viazi Dar es Salaam. Kaburini msemaji wa familia alieleza kwamba marehemu alisumbuliwa na maradhi ya muda mrefu. Msemaji huyo tulikuwa sisi. Hatusemi kwamba wimbo mmoja ungemwokoa kijana yule. Tunasema tu kwamba alikuwa mmoja wa watu ambao wimbo ule ulitungwa wausikie, na kwamba kalamu yetu ilikuwa mojawapo ya vitu vilivyosimama katikati.

Tangu siku ile tumeufikiria wimbo huo kama wahakiki, na tungependa wanafunzi waufikirie pamoja nasi. Wengi waliona kwamba wimbo unakosa adabu. Lakini tutazame neno lenyewe. Soksi ni vazi la kila nyumba. Huku Shume, mtoto mchanga huvalishwa soksi kabla hajajua kucheka, kwa sababu ya baridi. Kwa kulitumia neno hilo Remmy alifanya kile ambacho kungwi hufanya katika unyago na ngariba katika jando. Alichukua kitu cha kawaida akakitumia kusema jambo zito, ili mkubwa aelewe na mdogo asidhurike. Hiyo ni tafsida, na ni tafsida safi kabisa, tena yenye ucheshi.

Nasi kaburini tulitumia tafsida. Maneno “maradhi ya muda mrefu” ni ya heshima, wala hapana aliyetulaumu. Basi hapa pana tafsida mbili, moja ya kufichua na moja ya kuficha. Ya kwanza humsaidia msikilizaji kulikaribia jambo ambalo angeogopa kulitazama. Ya pili humsaidia kuliacha hapohapo lilipo. Vitabu vya shule hueleza tafsida kuwa ni matumizi ya maneno ya adabu badala ya maneno makali, na maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo mwalimu hana budi kuongeza swali moja, kwamba adabu hiyo inamlinda nani. Tafsida ya Remmy ilimlinda kijana. Yetu ilitulinda sisi.

Na hilo ndilo jibu la kwanza kwa hoja ya mdahalo. Utamaduni wetu wa kale ulikuwa na mahali pa kuwafundisha vijana mambo ya mwili kwa wimbo na kwa fumbo. Mahali hapo palipopungua nguvu, hatukujenga pengine kwa haraka iliyotakiwa. Mtu mmoja mwenye gitaa alijaribu kusimama katika pengo hilo. Kwa kazi hiyo alikuwa karibu zaidi na mila kuliko sisi tuliomkata kwa jina la mila.

KASORO ZAKE

Haingekuwa haki kumsifu bila kupima. Nyimbo za Remmy mara nyingine ni ndefu kupita haja yake. Katika ukumbi wa dansi urefu huo ni neema, kwa kuwa wachezaji hawataki chemko liishe, lakini mtu anayesikiliza maneno huona wazo moja likizungushwa mara nyingi bila kuongezewa kitu. Pili, hakuwa bingwa wa vina na mizani. Mshairi aliyelelewa katika shule ya Shaaban Robert atamkuta akiruka mpaka, akizungumza tu pale ambapo angepaswa kutunga. Ni kweli kwamba mazungumzo hayo ndiyo yaliyowavuta watu, lakini mwanafunzi asifikiri kwamba kuacha kanuni kunatosha kumfanya mtu awe Remmy.

Tatu, katika santuri ya mwaka 1992 alijaribu kuimba baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza, ili wasikilizaji wake wapya wa Ulaya wamwelewe. Hatumlaumu kwa nia hiyo. Hata hivyo tunaona kwamba huko nguvu yake ilipungua. Katika Kiingereza alibaki na maana, akapoteza mafumbo na utani. Neno mnyonge ni zaidi ya kukosa fedha. Lina ndani yake kukosa nguvu, kukosa mtetezi na kukosa sauti. Alipoliacha neno hilo aliliacha jiwe la msingi la nyumba yake. Kasoro hii yenyewe yatufundisha mahali ambapo uasili wake ulikuwapo. Aliweza kubadilisha nchi na bendi, na hata kuhama dansi akaenda kwenye Injili, lakini alipoachana na Kiswahili cha mnyonge alipungua.

HITIMISHO

Tumrudie binti wa kidato cha tatu. Akitoka nje ya darasa lake ataona mashamba ya viazi yakipanda mpaka ukingoni mwa msitu. Viazi hivyo asili yake ni milima ya Amerika Kusini. Kabichi ilitoka Ulaya. Misonobari ya msitu wa kupandwa, ambayo mbao zake zimesomesha watoto wengi wa Shume, ni ya Meksiko. Hata hivyo hakuna mkulima wa hapa anayekubali kuambiwa kwamba shamba lake ni la kigeni. Limekuwa lake kwa jembe, kwa samadi, kwa matuta yanayozuia udongo usiteremke bondeni, na kwa watoto waliokula mazao yake.

Hivyo ndivyo tunavyomjibu. Gitaa lilitoka Ulaya, rumba ilipitia Kuba, na mtu alitoka Kindu. Kilicho chetu ni ile kazi iliyofanywa kwa vitu hivyo katikati yetu. Mnyonge wa Manzese na utingo wa Shume walitajwa kwa lugha yao, na walionywa juu ya hatari ambayo wakubwa wao waliona haya kuitaja. Kwa kuwa sisi tulikuwa watunga mashairi kabla ya kuwa watumishi wa ofisi, tuliandika ubeti ufuatao usiku ule baada ya mdahalo:

Maji ya mto mwenzangu, hayaulizwi asili,
Najaza mtungi wangu, nikanywa bila kujali,
Swali lililo la kwangu, yamenywesha watu kweli?
Aliyeimba uchungu, si mgeni wa mahali.

Walimu wa fasihi tunawashauri jambo moja la kutenda. Katika kipindi cha fasihi simulizi, baada ya kufundisha nyimbo za jando, za kazi na za harusi, wachukue wimbo mmoja wa dansi wa miaka ya 1980 au 1990, wawaache wanafunzi wausikilize mara mbili, kisha wawaulize maswali haya: anayesema ni nani, anasema na nani, ameficha nini na amefichua nini, na wimbo huu ulifanya kazi gani kwa watu wa wakati wake. Swali la mahali ulikotoka na liulizwe pia, lakini liwe la mwisho. Sisi tuliliuliza kwanza, tukiwa na kalamu nyekundu mkononi, na tulichelewa sana kuyafikia yale mengine.